Kelele za Kupona

Nchi ya Timamu haimo kwenye ramani yoyote, na Watimamu wenyewe hueleza kwamba ramani zilichorwa na wenye wivu. Ni nchi nzuri. Ina mito miwili, bendera tatu (moja ya kupeperusha, moja ya kukunja na moja ya kufunikia majeneza ya waheshimiwa), na katiba ambayo ibara yake ya kwanza ni fupi kiasi kwamba watoto huisoma kwa pumzi moja: Serikali haikosei. Ibara ya pili inasema tazama ibara ya kwanza.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba Timamu hakuna makosa. Yapo, tena yamenona. Ila kila kosa lina mwenyewe, na kazi ya serikali ni kumtafuta huyo mwenyewe mpaka apatikane, mradi asiwe serikali.

Zamani, kabla wizara hazijaota, wazee wa Timamu walikuwa na desturi yao. Aliyemkosea mwenzake aliokota jiwe, akalifunga mgongoni kwa mbeleko kama mtoto, akatembea nalo mchana kweupe hadi mlangoni kwa huyo mwenzake. Hapo alipiga magoti na kugeuza mgongo. Aliyekosewa akiridhika, alilifungua fundo kwa mikono yake mwenyewe. Asiporidhika, mwenye jiwe alirudi nalo kwake, akala nalo, akalala nalo kifudifudi, na kesho yake akaja tena. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa lile fundo, hata awe chifu. Waliliita jiwe la radhi.

Serikali ilipoiona desturi hii iliipenda sana, na kwa kuwa iliipenda, iliiboresha. Ikaundwa Idara ya Mizigo, chini ya Mheshimiwa Kamishna Bafadhili, mtu ambaye hata salamu yake ilikuwa na utangulizi na hitimisho. Mawe yakawa yanachongwa na idara na kupigwa mhuri. Tena, kwa kuwa mwananchi wa kawaida hawezi kuaminiwa kujua mwenyewe kama amekosa, idara ndiyo ikawa inateua nani abebe. Tangu maboresho hayo hajaonekana mwenye cheo hata mmoja akiwa na jiwe mgongoni, jambo linaloonyesha jinsi vyeo vinavyowafanya watu kuwa wema.

Daktari Songoro wa hospitali ya Mtakuja alikuwa miongoni mwa wema hao. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kazini, hakuomba kitu kidogo, na alipowatania wagonjwa walicheka, kwani mgonjwa gani atakataa kucheka mbele ya mwenye sindano?

*

Hospitali ya Mtakuja ilikuwa na mizani moja. Mwaka fulani Waziri alikuja kuzindua bomba la maji, maji yenyewe yakiwa yameahidi kufuata baadaye. Alipopita wodini alipanda juu ya ile mizani kwa utani, akacheka, akashuka. Kesho yake ikaja amri kwamba mizani iliyompima Waziri haiwezi tena kukanyagwa na miguu ya hivi hivi. Ikawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, mshale wake umefungwa kwa waya palepale ulipofika siku ile. Wagonjwa wakipita huinama kidogo.

Basi madaktari wa Mtakuja wakawa wanapima wagonjwa kwa macho, na wakajivunia. Aliyesifika kuliko wote ni Daktari Songoro. Alisimama mlangoni mwa wodi, akafumba jicho moja kama anayenunua mbuzi, akataja kilo. Hakuna aliyewahi kumsahihisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mizani.

Ndivyo alivyompima Mwasiti. Mwasiti alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kiume, Pazi, na homa ya uzazi ilikuwa imemkamata vibaya. Ulikuwa msimu wa kipupwe. Mama mkwe wake, Bi Nakijwa, alikuwa amemviringishia blanketi juu ya blanketi, na juu yake koti la mumewe aliyekuwa mbali mgodini. Daktari Songoro alifumba jicho, akaona mwanamke mnene, akaandika sindano za mwanamke mnene. Ndani ya mablanketi yale alikuwamo binti mwembamba kama mchi wa kinu kidogo.

Dawa yenyewe ilikuwa kali. Ni ile inayoua vijidudu na, ikizidi, huendelea na safari mpaka masikioni. Daktari alilijua hilo. Alifundishwa, akafanyiwa mtihani, akafaulu.

Na kama kosa lingeishia hapo, pengine angelala usingizi. Lakini sindano zilipokuwa zimekwisha kuchomwa siku kadhaa, Mwasiti alimshika koti lake jeupe alipokuwa anapita.

"Daktari, samahani. Masikio yangu yanalia kengele. Na mtoto akilia namsikia kama yuko nyumba ya jirani."

Daktari Songoro alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango. Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kuitazama mizani.

"Hizo ni kelele za kupona, mama," akasema. "Mwili unapiga vigelegele."

Wauguzi wakacheka. Mwasiti naye akacheka, akaona haya kwa kumsumbua mtu mkubwa. Daktari aliipenda ile kauli yake, na mchana akairudia mbele ya mkuu wa wilaya, ambaye pia alicheka. Sindano zikaendelea.

Homa ikashuka, Mwasiti akaruhusiwa kwenda nyumbani. Asubuhi hiyo daktari alimkuta amekipa kitanda kisogo, anakunja kanga zake huku akijiimbia. Nyuma yake Pazi alikuwa analia kwa nguvu zote alizojaliwa. Wodi nzima iligeuka kumtazama mtoto. Mwasiti akaendelea kukunja kanga.

Daktari alisimama akingoja ageuke. Alimngoja sana. Kisha akasogea nyuma ya kichwa chake, akapiga makofi. Mwasiti akachukua kanga nyingine, akailinganisha pindo na pindo.

Daktari Songoro alijua palepale, bila kitabu wala mwalimu, kwamba yale masikio ameyaziba yeye, na kwamba mwenye masikio alikuja kumwambia mapema naye akamfanyia utani.

*

Alikwenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu, Dokta Lusewa.

"Mkuu, nimekosea."

Dokta Lusewa aliinuka akafunga dirisha. "Sema polepole. Nani kakosea?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi Songoro."

"Songoro ndiyo nini?" Mganga Mkuu akakaa tena, sauti yake ikawa ya baba. "Kijana wangu, umesomeshwa na taifa. Kichwa hicho ni cha taifa. Mkono huo ulioandika dawa umelishwa na taifa. Sasa nijibu: mkono wa taifa ukikosea, atakuwa amekosea nani?"

Songoro aliutazama mkono wake.

"Unaona? Ulikuwa unakaribia kuipindua serikali, na hata chai hujanywa."

Ukweli usemwe: moyoni mwa Daktari Songoro kulipita nafuu, baridi kama maji ya mtungini, na aibu ikaja nyuma yake. Lakini nafuu ndiyo iliyotangulia, na jambo hilo hakulisahau.

Ukaanza msako wa mwenye kosa. Waliitazama dawa, wakaona ni msaada kutoka nchi rafiki, na mbuzi wa zawadi hakaguliwi meno. Waliitazama sindano, wakaona iliingia pale ilipoelekezwa, kwa utiifu wa kupigiwa mfano. Muuguzi aliyechoma alikuwa mpwa wa mkuu wa wilaya, kwa hiyo hakutazamwa. Kuhusu mizani, mtu mmoja alithubutu kusema kwamba laiti ingekuwa nje ya kabati, na mtu huyo akahamishiwa kituo ambacho bado hakijajengwa. Mwishowe shauri likapelekwa Idara ya Mizigo.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa Mtakuja, na watu wakajaa hadi madirishani. Mwasiti alikaa mbele, Pazi mgongoni, Bi Nakijwa ubavuni. Alikuwa amevaa vizuri kama mtu aliyealikwa. Vidole vyake aliviosha na kuvipaka mafuta.

Bi Nakijwa alikuwa amemweleza kwa mikono habari ya kikao: akaonyesha jiwe, akaonyesha mgongo, akaonyesha fundo linalofunguliwa. Mwasiti akaelewa kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa na bibi yake angeelewa. Daktari atakuja na jiwe, nami nitalifungua. Alikwisha kuamua kulifungua. Ndiyo maana ya mafuta.

Mheshimiwa Kamishna Bafadhili alisimama. Alimshukuru Rais, akaishukuru katiba, akaushukuru ukumbi. Kisha akasema, "Ndugu wananchi, taifa lisilo na wabebaji ni taifa lenye makosa yanayozurura. Leo tuko hapa kulipatia kosa hili makazi."

Makofi.

Katikati ya makofi Mwasiti aliinuka. Alizunguka viti vya waheshimiwa, akapita nyuma ya Daktari Songoro, akainama kutazama mgongo wake. Palikuwa na koti jeupe tu, limepigwa pasi. Alilipapasa kidogo, kama mtu anayetafuta kitufe, halafu akarudi kukaa, uso umejaa kutoelewa. Daktari alivihisi vile vidole vya mafuta kwenye uti wa mgongo wake mpaka kikao kikaisha, na alivihisi kwa muda mrefu baadaye.

"Daktari," akasema Kamishna, "idara ina swali moja tu, la kukamilisha utaratibu. Je, wakati dawa inaendelea, mgonjwa huyu aliwahi kukulalamikia habari ya masikio?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja, "ndiyo", na lingetosha kabisa. Songoro alimwona Mganga Mkuu Lusewa anazitazama kucha zake. Alimwona Mwasiti anautazama mdomo wake, kwa kuwa siku hizo alikuwa ameanza kuwatazama watu midomo. Akafungua mdomo. Akakohoa.

"Iandikwe," akasema Kamishna, "daktari amekohoa. Kitaalamu, kikohozi cha daktari ni hapana."

Kisha ikasomwa hukumu. "Tumejiuliza: kosa hili liko wapi? Kwa daktari haliko. Tumemkagua, masikio yake mazima. Kwenye dawa haliko, chupa imekwisha. Kosa limepatikana ndani ya masikio ya raia huyu, ambamo limejificha bila kibali. Na mwenye nyumba ndiye mwenye mgeni. Kwa hiyo mbebaji ni Mwasiti." Alingoja makofi yapoe. "Na hapa ndipo mtaona huruma ya serikali yenu. Sheria inasema fundo hufunguliwa na aliyekosewa tu. Mwasiti ndiye mbebaji, Mwasiti ndiye aliyekosewa. Siku yoyote atakayojisamehe, anajifungulia mwenyewe, hahitaji hata kutoka ndani. Tangu idara ianzishwe hatujapata kesi nyepesi kama hii!"

Maofisa wawili wakaja na jiwe lenye mhuri. Wakamfungua Pazi mgongoni kwa mama yake, wakampa Bi Nakijwa, na wakaanza kulikaza jiwe mahali pake. Mwasiti alikuwa anatabasamu, kama mtu anayemwonea huruma mjumbe aliyepotea njia.

"Mgongo si huu!" akapaza sauti, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Wa daktari ule pale!"

Watu wakacheka, kwa sababu alisema kwa sauti kubwa mno. Daktari Songoro alitazama viatu vyake.

*

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na Mtakuja nzima iliona jiwe la Mwasiti ni jepesi. Walizoea kumwona nalo kisimani, walizoea kumwona nalo shambani, na baada ya muda ikawa ni sehemu ya umbo lake. Daktari Songoro ndiye aliyeshindwa kuzoea. Akawa anapita njia ya mbali ili asipite kwao. Kila mtoto aliyelia popote alikuwa Pazi. Alifumba jicho moja mlangoni mwa wodi, na kilo hazikuja.

Alijiambia kwamba angesema neno, wangempuuza. Alijiambia kwamba hata angebeba jiwe, masikio yasingerudi. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakumsaidia kitu.

Miezi ikapita, Pazi akaanza kutambaa. Asubuhi moja Bi Nakijwa akaingia chumba cha daktari bila kupanga foleni, amembeba mtoto, mkono wa mtoto umefungwa kwa kipande cha kanga.

"Shikamoo, mama," akasema daktari.

Bi Nakijwa hakuitikia. Akamweka mtoto mezani. Daktari akafungua kile kitambaa. Kiganja kizima kilikuwa kimeungua.

"Nini hiki?"

"Kaa la moto." Alisema kwa utulivu uliotisha kuliko kelele. "Mama yake alikuwa anatwanga, kakipa kinu uso na mtoto kisogo. Mtoto katambaa hadi jikoni. Kalia mpaka kanyamaza mwenyewe. Mimi nilikuwa shamba."

Daktari akaanza kusafisha kidonda.

"Unajua mama yake alikuwa anamsikia kwa kitu gani, huyu mtoto?" Bi Nakijwa akauliza. "Kwa mgongo. Akilia kifua kinatetemeka, na mama yake anakisikia kwenye mifupa. Nakwambia alikuwa anajua hiki ni kilio cha njaa, hiki cha usingizi, hiki cha deko tu. Sikio moja Mungu alikuwa kambakizia, ndilo hilo. Nyinyi mkaja mkalikalisha jiwe juu yake."

"Lakini mama, idara si imesema anaweza kujisamehe? Angelifungua tu..." Aliona haya kabla hajamaliza.

"Ajisamehe kamkosea nani? Mimi mwenyewe nimemsihi kwa mikono, fungua mwanangu, ulee mtoto. Anasema akilifungua yeye, atakuwa amekubali kwamba lilikuwa lake. Anasema lina mwenyewe." Akamtazama usoni. "Na anasema alikwambia habari ya zile kengele. Alikwambia, hakukwambia?"

Daktari alimaliza kufunga bendeji. Hapakuwa na mtu wa kuandika kwamba amekohoa.

"Aliniambia."

"Basi mimi unaniambia ya nini?" akasema Bi Nakijwa, akamchukua mjukuu wake. "Mwenyewe yuko nyumbani."

*

Siku hiyohiyo alikwenda Idara ya Mizigo.

"Nimekuja kuchukua jiwe la Mwasiti," akasema. "Ni langu."

Kamishna Bafadhili alimtazama kwa masikitiko. "Daktari, hilo ni jiwe la raia, lina mhuri. Unataka kumdhulumu mwanamke masikini kitu pekee alichopewa na serikali?"

"Alinilalamikia. Nilidanganya."

"Ulikohoa. Tofauti ni kubwa." Kamishna akasogeza kiti. "Sikiliza. Leo nikikupa wewe jiwe, kesho watataka Mganga Mkuu abebe la hospitali isiyo na mizani. Keshokutwa watamtaka Waziri abebe bomba. Unajua uzito wa bomba? Nenda kapumzike. Dhamiri ikikusumbua, wewe si daktari? Jiandikie dawa."

Daktari Songoro hakujiandikia dawa. Aliisubiri Siku ya Utimamu, ambapo nchi nzima hukusanyika viwanjani kusherehekea kutokukosea. Pale Mtakuja hupita gwaride la shule, gwaride la askari, na mwisho kabisa gwaride la wabebaji, ili watoto wajionee kwamba makosa yote yana wenyewe. Mwasiti alikuwamo, jiwe mgongoni, akitembea kwa kufuata miguu ya aliye mbele yake kwa kuwa ngoma hakuisikia.

Daktari alitoka kwenye jukwaa la wageni, akanyakua kipaza sauti.

"Watu wa Mtakuja! Lile jiwe ni langu! Mwasiti alikuja akaniambia masikio yake yanalia kengele. Nikamwambia ni kelele za kupona. Nikamzibia masikio, halafu mbele ya idara nikakohoa. Mimi ndiye niliyekosea. Mimi, Songoro!"

Bendera ya kupeperusha ikatulia. Askari wakatazamana, na Mganga Mkuu Lusewa akatafuta dirisha la kufunga, akakumbuka yuko nje.

Aliyeliokoa taifa ni Kamishna Bafadhili. Alimkumbatia daktari, machozi yakimtoka, akachukua kipaza sauti.

"Mmemsikia! Mmemsikia, ndugu wananchi! Ni nchi gani nyingine ambayo daktari mzima, hana kosa lolote, anajitwisha aibu ya mgonjwa wake kwa huruma tu? Huu ndio Utimamu!"

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, bendi ikapiga wimbo, na kabla wimbo haujaisha Nishani ya Huruma, Daraja la Kwanza, ilikuwa imekwisha kuchomekwa kwenye lile koti jeupe. Songoro alipiga kelele kwamba hapana, kwamba anasema kweli, na kadiri alivyokataa ndivyo walivyomshangilia unyenyekevu wake.

Kule uwanjani Mwasiti alikuwa amesimama. Hakuwa amesikia neno. Aliona daktari amesema kitu kirefu, amekumbatiwa, amepewa kitu kinachong'aa. Aliona kila mtu anapiga makofi. Basi naye, kwa kuwa alilelewa kwa adabu, akapiga makofi.

Daktari alimwona. Akaacha kukataa, akashuka jukwaani, akaondoka.

*

Asubuhi iliyofuata alipita hospitalini, akaivisha nishani ile mizani kwenye kabati lake, akaendelea mpaka mtoni. Alichagua jiwe mwenyewe. Lilikuwa na tope, halina mhuri, na alilazimika kuliviringisha hadi kwenye ukingo ili aweze kujitwika. Mbeleko hakuwa nayo. Alivua koti jeupe, akalifunga jiwe kwa mikono ya koti, fundo likaja kifuani, baya, fundo la mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto wala mzigo.

Alipita katikati ya mji mchana kweupe. Wenye maduka wakasema daktari anafanya mazoezi. Askari alimsimamisha akalikagua jiwe, akaliona halina mhuri, na kwa kuwa jiwe lisilo na mhuri kisheria halipo, akamruhusu aende. Jasho lilimwingia machoni. Koti lilimkata mabega. Alifurahi kwamba linamkata, kisha akaona aibu kwa kufurahi, kwa sababu hakuja kutafuta furaha.

Mwasiti alikuwa uani, anachambua mchele. Pazi alikuwa mkekani na mkono wake wa bendeji, amefungwa kiunoni kwa kamba iliyoshikizwa kwenye mguu wa mama yake. Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu siku ya kaa la moto.

Aliona kivuli, akainua uso.

Daktari Songoro alipiga magoti. Aligeuka, akampa mgongo, akainamisha kichwa. Hakusema kitu. Maneno alikwisha kuyasema mbele ya watu wote wenye masikio, na yalikuwa yameishia kwenye nishani.

Aliusikia ungo ukiwekwa chini. Alisikia hatua zikizunguka nyuma yake, kama zilivyozunguka siku ya kikao. Vidole vikaligusa koti, vikalipapasa, na safari hii vikakuta jiwe. Vikakaa pale.

Kisha vikatoka. Alisikia kitambaa kinafunguliwa, akadhani anasamehewa. Lakini bega lake halikuwa jepesi. Alichungulia. Mwasiti alikuwa analifungua lake. Lile fundo la idara, ambalo hakuna aliyeweza kumshawishi aliguse, alilifungua kama mtu anayevua viatu akifika nyumbani, kwa kuwa mwenye jiwe alikwisha kufika. Akalibeba kwa mikono miwili, jiwe lenye mhuri wa Timamu, akalitumbukiza ndani ya koti jeupe juu ya lile la mtoni.

Daktari alizama mpaka viganja vikagusa ardhi. Mwasiti akaja mbele yake, akalitazama fundo lililokuwa kifuani, akatikisa kichwa kwa lile fundo baya. Daktari alifumba macho, akingoja. Mikono ya Mwasiti ikalishika fundo, ikavuta huku, ikavuta huku, ikalikaza sawasawa, kama mama anavyokaza mbeleko ili mtoto asianguke.

Alipofumbua macho, Mwasiti alikuwa ameifungua ile kamba mguuni, amempakata Pazi, anamtupia mgongoni. Akajifunga kanga. Mtoto, ambaye alikuwa ameusahau mgongo huo, alishtuka akaanza kulia. Mwasiti akasimama wima, akatulia tuli. Uso wake ukabadilika. Akaanza kuyumba taratibu, mguu huu, mguu ule.

"Njaa," akasema. "Hiki ni cha njaa."

Bi Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni, kajiziba mdomo kwa kanga.

Mwasiti alimgeukia daktari, aliyekuwa bado chini, na akamwuliza kwa ile sauti yake kubwa ya kuvuka mto, sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Zito?"

Daktari Songoro akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema Mwasiti. "Kesho uje tena."